Mwaka Usio na Masika: Mvua katika Historia ya Mji wa Maskati

Katika Kimvita na lahaja nyinginezo za kaskazini, neno mwaka hubeba maana mbili ambazo kwa msemaji wake hazitengani. Mwaka ni muda wa miezi kumi na miwili. Na mwaka ni zile mvua kuu zinyeshazo tangu mwisho wa Machi hata kuingia Juni, ambazo Unguja na Mrima huitwa masika. Mkulima wa Mombasa akisema ya kuwa mwaka umeingia, hana haja ya kueleza kama anena juu ya hesabu ya siku au juu ya maji. Hata katika mitaa ya Tanzania, ambako lugha haichagui maneno yake kwa adabu nyingi, kifungo cha gerezani huhesabiwa kwa mvua: aliyepewa "mvua thelathini" amepewa miaka thelathini, wala hapana mtu anayetatizwa na hesabu hiyo.

Hesabu ya namna hii husimama juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba mvua haina budi kurudi. Yaweza kuchelewa, yaweza kuwa chache, yaweza kuzidi hata ikaozesha mbegu ardhini. Lakini nafasi yake katika mzunguko wa siku yajulikana, na ndiyo sababu yaweza kutumika kuwa kipimo. Vuli ina nafasi yake, mchoo una nafasi yake, na kiangazi kimejengwa katikati yao kama uwazi baina ya nguzo.

Yafaa kuipeleka hesabu hiyo Maskati ili kuona inavyovunjika. Mji huo si mgeni katika historia ya Waswahili. Ndiko alikotoka Seyyid Said bin Sultan alipoyahamishia Unguja makao ya enzi yake katika miaka ya 1830. Ndiko yalikotoka na kurejea majahazi ya kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Na ndiko walikoelekea maelfu ya wasemaji wa Kiswahili baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970. Pamoja na hayo yote, maandishi ya Kiswahili yaitajapo Oman huitaja kuwa nchi ya jangwa, yakapita, kana kwamba mahali penye mvua haba hapawezi kuwa na historia ya mvua. Ukweli ni kinyume chake. Pale ambapo mvua ni jambo la kila mwaka, mwanahistoria aweza kuisahau. Pale inaponyesha kwa nadra, kila mvua kubwa huacha tarehe.

Mvua ya Maskati, kwa wastani wa miaka 1961 hadi 1990, ni milimita 100 hivi kwa mwaka mzima. Kipimo hiki kiwekwe kando ya kile cha Unguja, ambako mwaka wa kawaida hupita milimita 1,500 na Aprili peke yake huweza kupita 300. Kwa maneno mengine, mwezi mmoja wa masika Unguja humwaga maji ambayo Maskati huyangoja kwa miaka mitatu. Miezi ya mvua ni ile ya baridi: Desemba na Januari hupata milimita 13 hivi kila mmoja, Februari huongoza kwa milimita 25 au pungufu kidogo, kisha Machi na Aprili hufuata kwa 16 na 17. Mei hushuka hadi 7. Baada ya hapo mwaka hufunga mlango. Juni, Julai na Agosti kwa jumla hazifikishi milimita 2, Septemba huandikwa sufuri, Oktoba 1, na Novemba huanza kufungua upya kwa 7. Takwimu hizi zikitazamwa zimepangwa katika jedwali, huonekana kama mwaka wenye majira mawili yaliyo wazi, na msomaji wa pwani hii hujaribiwa kuyaita ya baridi "masika ya Maskati". Jina hilo lingekuwa kosa, kwa sababu zitakazoonekana.

Mvua za baridi hazitoki baharini Hindi. Huletwa na migandamizo midogo ya hewa itokayo upande wa Bahari ya Mediterania, ikapita Iraki na kuteremka na Ghuba hadi kwenye milima ya Hajar iliyo nyuma ya Maskati. Baadhi ya miaka hupita mingi, na mingine hupotelea njiani. Ndiyo sababu wastani wa Februari haumwambii mtu chochote juu ya Februari ijayo: mwezi huo waweza kupita bila tone, na mwaka wa pili ukapata kwa siku mbili zaidi ya ule wastani mara kadhaa. Milimani hali ni nafuu. Uwanda wa Saiq, katika Jabal Akhdar, hupata takriban milimita 300, nao ndio ulioilisha Oman ya ndani makomamanga na mawaridi. Mji wa pwani hupata mabaki.

Pepo za kusi, ambazo kwa mabaharia wa Unguja ndizo zilizowarudisha Arabuni, huipa mvua sehemu moja tu ya Oman. Kuanzia Juni hata Septemba huipiga pwani ya Dhofar, zikaifunika Salalah kwa ukungu na manyunyu hadi vilima vikawa kijani. Majira hayo huitwa kharif, neno ambalo kwa Kiarabu cha vitabuni ni jina la miezi ya kupukutika majani. Maskati, iliyo kilomita zaidi ya 800 kaskazini-mashariki, haipati kitu katika kusi hiyo ila joto, na upepo wa gharbi unaovuma kutoka bara ukiwa na moto wa mchanga.

Hapa pana jambo la lugha lisilofaa kupitwa. Kiswahili kina neno msimu, nalo limetoka katika Kiarabu mawsim, wakati uliowekewa alama; mzizi wake ni ule wa kutia chapa. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki neno hilo lilishikamana na pepo na biashara: msimu ni wakati wa vyombo kuja, na baadaye wakati wowote ulio na kazi yake, hata tukapata msimu wa karafuu na msimu wa mpira. Waarabu wa bara waliuchukua mzizi uo huo wakaupa mvua. Wasm kwao ni kipindi kianzacho katikati ya Oktoba na kudumu siku 52, na mvua ya kipindi hicho huitwa wasmi, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuitia ardhi alama ya majani. Basi msimu na wasm ni ndugu wawili waliotengana safarini, mmoja akaenda na tanga, mwingine akabaki na malisho. Lakini tarehe ya wasm ni tarehe ya kuanza kutazamia. Mfugaji ajua ni siku gani aanze kuinua macho. Hajui kama kutakuwa na cha kutazama.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika hesabu ya Nairuzi. Inajulikana ya kuwa Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, ulioanzia Siku ya Mwaka, ukagawanywa katika makumi ya siku yaitwayo miongo, na ukaongoza kilimo na safari za baharini kwa namna ambayo mwaka wa mwezi mwandamo, kwa kuhama kwake, usingeweza. Ahmad ibn Majid, rubani mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, atumia hesabu iyo hiyo katika kitabu chake cha Fawaid, kilichokamilika yapata mwaka 1490: bandari hii hufungwa siku kadhaa za Nairuzi, safari ile hufunguliwa siku kadhaa. Kwa kuwa mwaka huo hauongezewi siku kila mwaka wa nne, hurudi nyuma siku moja kwa kila miaka minne hivi. Katika zama za ibn Majid, Nairuzi iliangukia Novemba. Leo Makunduchi huuoga mwaka wao katika Julai. Mambo haya hayana fumbo, na hesabu ya kurudi nyuma kwa zaidi ya karne tano yalingana vizuri na umbali baina ya tarehe hizo mbili. Watu wa Ghuba nao wana hesabu yao ya durur, makumi ya siku yahesabiwayo tangu kuonekana kwa nyota ya Suheli katika Agosti, nyota ambayo jina lake mabaharia wetu walilifanya jina la upande wa kusini.

Umbo la hesabu, basi, ni moja katika pwani zote mbili: makumi, nyota, siku ya kwanza iliyowekwa. Kilichotiwa ndani ya umbo hilo si kimoja. Katika Unguja na Pemba, aliyeijua miongo aliulizwa hasa juu ya mvua: ni kumi lipi la kuchoma majani, ni lipi la kutia mbegu. Katika mwambao wa Maskati, makumi yalieleza kufungwa na kufunguliwa kwa bahari, kuiva kwa tende, kuingia kwa qaidh, yaani yale majira ya joto kali ambapo watu wenye uwezo walihamia kwenye mashamba ya mitende. Mvua ilipewa nafasi ya kutazamiwa na haikupewa kazi. Hapana kazi ya shamba katika Maskati iliyoweza kusubiri mvua ianze, kwa sababu aliyesubiri angekufa njaa. Kilimo kilishika maji yaliyo chini ya ardhi, na kalenda ya mkulima ikawa kalenda ya zamu.

Maji hayo yalipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni falaji, mfereji unaochimbwa chini kwa chini kutoka kwenye miguu ya milima hadi mashambani. Iko zaidi ya 3,000 inayotiririka Oman hadi leo, na mitano kati yake iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Zamu ya maji hugawanywa kwa athar, ambayo ni nusu saa, na zamani ilipimwa kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa kuchomoza kwa nyota usiku. Inastahili kuangaliwa jinsi jamii ya namna hii isivyogawanya ardhi bali wakati. Mtu hurithi nusu saa, huuza nusu saa, huweka wakfu nusu saa kwa ajili ya msikiti. Njia ya pili ni visima vya zajara, ambapo ng'ombe huteremka mteremko akivuta kamba na kiriba kikapanda. Mji wa Maskati wenyewe, uliobanwa baina ya majabali na bahari, haukuwa na mto wala ardhi ya kutosha kwa mashamba makubwa. Uliishi kwa visima vya bondeni na kwa mabirika.

Umuhimu wa mabirika hayo waonekana katika kisa alichokiandika Humaid bin Muhammad ibn Ruzaik, mwanahistoria wa karne ya 19, juu ya kuanguka kwa Wareno. Wareno waliuteka Maskati mwaka 1507, na ngome za Jalali na Mirani zilizo juu ya bandari ni kazi yao. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif aliwatoa. Ibn Ruzaik asimulia ya kuwa mfanyabiashara mmoja wa Kibaniani, aliyechukizwa na jemadari wa Kireno aliyemtaka bintiye, alimshawishi jemadari huyo ya kwamba maji yaliyomo ngomeni yameharibika kwa kukaa, vivyo hivyo vyakula na baruti, na kwamba yafaa kuvitoa vyote ili vitiwe vipya. Maji yalipomwagwa, Mbaniani akampelekea Imamu habari. Kisa hiki chaweza kuwa kimetiwa chumvi, kama visa vya ushindi vitiwavyo mara nyingi. Lakini msimulizi na wasikilizaji wake walikuwa watu wa Oman, nao walikubaliana juu ya jambo moja ambalo halikuhitaji kuelezwa: katika mji huu, birika likishamwagwa halijazwi na mbingu.

Mbingu, hata hivyo, hazikuwa tupu. Tarehe 5 Juni 1890, katika mwezi ambao jedwali huuandikia chini ya milimita 1, tufani iliingia kutoka Bahari ya Arabuni na kuipiga pwani ya Maskati na Batina. Kwa saa 24 ilinyesha Maskati mvua ya milimita 286. Hiyo ni karibu mvua ya miaka mitatu kwa siku moja. Maji yaliteremka kutoka majabalini kwa njia ambazo kwa miaka mingi zilikuwa barabara za punda na ngamia. Waliokufa mjini na katika vijiji vya pwani walizidi 700, na inakadiriwa ya kuwa mitende 100,000 iling'olewa. Mtende hauzai vyema kabla ya miaka kadhaa tangu kupandwa, na familia iliyopoteza shamba la mitende ilipoteza riziki ya nusu ya kizazi. Hasara hii haimo katika idadi ya maiti.

Mwaka 1890 umeandikiwa kurasa nyingi katika vitabu vya historia ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ndio mwaka wa mapatano ya Waingereza na Wajerumani na wa Unguja kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Katika Maskati mtawala alikuwa Seyyid Faisal bin Turki, aliyekuwa na miaka miwili tu katika enzi. Enzi mbili hizo zilikuwa zimetenganishwa rasmi tangu 1861, na wanahistoria wamezitenganisha hata katika hali ya hewa. Tufani ya Juni hupewa mstari mmoja, kama hupewa. Hata hivyo Unguja yenyewe ilikuwa na tufani yake miaka 18 kabla. Tarehe 15 Aprili 1872, Seyyid Barghash akiwa na mwaka wa pili katika utawala, kimbunga kilizizamisha meli zake bandarini na kuiangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa cha Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyotangulia kwa karafuu.

Tufani mbili hizi za nasaba moja zafaa kulinganishwa kwa jambo moja ambalo halikuangaliwa. Ile ya Unguja ilikuja katikati ya masika. Upepo wake ulikuwa wa ajabu, lakini mvua yake ilishukia ardhi iliyokwisha kulowa, mbele ya watu waliokwisha kuezeka na kuzibua mitaro. Ile ya Maskati ilikuja katika qaidh, siku ambazo mawingu yenyewe ni habari. Masika huweza kuua, nayo huua. Lakini huwa yametangazwa. Maskati haikuwa na jina la msimu wa kuitangazia mvua ya Juni, kwa sababu hapakuwa na msimu. Tufani za Bahari ya Arabuni zina vipindi viwili, Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, yaani kabla na baada ya kusi kupamba moto. Zaifikia Maskati mara chache mno katika karne, kiasi kwamba kizazi kimoja chaweza kuzaliwa na kuzikwa bila kuiona hata moja.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa wastani. Mvua ya siku ile moja ya 1890 ikigawanywa juu ya miaka 100, kila Juni itaongezewa karibu milimita 3, na msomaji wa jedwali atadhani ya kuwa Maskati hupata manyunyu kidogo kila Juni. Manyunyu hayo hayakunyesha katika Juni yoyote. Ikiachwa nje ya hesabu, kama takwimu za 1961 hadi 1990 zilivyoiacha kwa kuwa haimo katika miaka yake, Juni itaonekana kavu na salama. Majedwali yote mawili ni sahihi, na hakuna kati yao lililo na habari.

Kumbukumbu bora zaidi ya maji ilikuwa katika majina ya mahali. Mitaa mingi ya Maskati ya leo yabeba neno wadi: Wadi al-Kabir, Wadi Adai na nyinginezo. Wadi kwa Kiarabu ni bonde na ni mto kwa pamoja, mto ambao kwa siku nyingi za mwaka hauna maji. Kiswahili hakina neno moja lililo sawa nalo. Korongo lakaribia, lakini korongo si mto, na "mto mkavu" kwa masikio ya Mswahili wa pwani ni kama maneno mawili yanayogombana. Qurum nayo, mtaa wa pwani upokeao maji ya Wadi Adai, imepata jina lake kutokana na mikoko, na mikoko yenyewe ipo hadi leo katika hifadhi. Mwenye kuyasikiliza majina haya angejua ramani ya maji bila ya kuchimba wala kupima.

Baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala, mji ulipasuka kutoka kwenye kuta zake. Hadi wakati huo malango ya Maskati yalikuwa yakifungwa usiku. Katika miongo michache iliyofuata, Ruwi, Qurum, al-Khuwair, al-Ghubra na Sib ziliungana kuwa mji mmoja mrefu wa pwani. Mwaka 1976 mtambo wa al-Ghubra ulianza kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na kwa mara ya kwanza katika historia yake Maskati ikaweza kunywa bila kuiuliza milima. Miongoni mwa waliojenga mji huu mpya, katika wizara, hospitali na makampuni ya mafuta, walikuwamo wengi waliorudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Maziwa Makuu, watu waliokuwa na Kiswahili nyumbani na elimu ya kikoloni mikononi. Wao hawakuwa na kumbukumbu ya 1890, na haikuwapasa kuwa nayo. Babu zao walikuwa wamekwisha vuka bahari. Lakini hata waliobaki hawakuwa nayo tena. Bonde pana, tambarare, lililo karibu na barabara kuu, lilikuwa kiwanja kizuri, na wadi likawa jina la mtaa tu.

Tufani Gonu ilifika tarehe 6 Juni 2007, miaka 117 na siku moja baada ya ile ya kwanza. Katika Bahari ya Arabuni haikuwa imewahi kurekodiwa tufani yenye nguvu kuizidi. Sehemu fulani za pwani zilipata zaidi ya milimita 600. Wadi Adai ilirudi kuwa mto, ikapita ilikopita siku zote, na Qurum, iliyokuwa na maduka na nyumba za fahari, ikapokea maji na matope ambayo jina lake lilikuwa limeyaahidi. Karibu watu 50 walikufa Oman, na hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 4. Mitambo ya al-Ghubra na Barka ilisimama, na wakazi zaidi ya 600,000 wakakosa maji ya bomba kwa siku kadhaa katika mji uliokuwa umefurika. Baada ya hapo ndipo lilipojengwa boma la kuzuia mafuriko katika Wadi Adai, upande wa al-Amarat. Miaka mitatu baadaye, Juni 2010, ilikuja Phet, ikaua watu 24. Tarehe 3 Oktoba 2021, Shaheen iliingia nchi kavu katika Batina, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tufani yoyote kaskazini mwa Oman tangu 1890. Al-Khabura ilipata milimita 369. Siku ya wasm ilikuwa haijafika.

Yaonekana kwamba tufani tatu katika miaka 15 si mwendo wa kale. Wataalamu wa hali ya hewa wameonyesha ya kuwa Bahari ya Arabuni imepata joto katika miongo ya karibuni na kwamba tufani zake kali zimezidi. Kwa mwanahistoria wa lugha, kinachotazamwa ni jinsi zinavyoitwa. Gonu ni neno la Kimaldivi, mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende au mnazi. Shaheen ni kozi, jina lililotolewa na Qatar. Kila tufani hupewa jina lake kutoka orodha iliyokubaliwa na nchi za bahari hiyo, na Oman siku hizi huyapa majina hata makundi ya kawaida ya mvua yatokayo kaskazini. Aprili 2024 pwani zote mbili zilifurika kwa pamoja. Tanzania, kwa taarifa ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa bungeni mwishoni mwa mwezi huo, watu 155 walikuwa wamekufa. Oman walikufa 20 hivi, wakiwamo watoto wa shule waliochukuliwa na maji ya wadi huko Samad al-Shan tarehe 14. Dar es Salaam mvua hizo, kwa kupita kiasi kwake kote, ziliitwa masika. Oman ziliitwa al-Matir, kutokana na neno la Kiarabu la mvua, na jina hilo ni la siku zile tu.